Umbali wa Kuruka na Muda wa Kuruka: Uhakiki wa Sentensi Moja

"Umbali wa kuruka kati ya Dar es Salaam na Mwanza ni kilometa 850 na muda wa kuruka ni saa 1:30."

Sentensi hii tumeitunga kwa ajili ya uhakiki huu, lakini hapana msomaji aliyewahi kushika ratiba ya safari, kitabu cha hesabu cha shule au kijitabu cha wageni kilichotafsiriwa kwa Kiswahili ambaye hataitambua sura yake. Ni fupi, ina tarakimu, na kwa mtazamo wa kwanza haina kosa la sarufi. Tarakimu zenyewe ni za kuaminika: kutoka kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam hadi kile cha Mwanza, kwa njia iliyo fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, ni kilometa 850 hivi, na ratiba kwa kawaida huipa safari hiyo saa moja na nusu hivi. Hata hivyo, mtu akiisoma bila kuzijua habari hizo kutoka mahali pengine anaweza kuielewa kwa namna tatu, na mbili kati yake zitampotosha.

Kusudi la makala haya ni kuipekua sentensi hiyo neno kwa neno, ili ionekane kwamba udhaifu wake haukutokana na uchanga wa Kiswahili, kama wasemavyo baadhi ya watu, bali umetokana na kutotumia kwa uangalifu maneno ambayo lugha inayo tangu zamani. Wala jambo hili si la wanaistilahi peke yao. Msafiri aliyeachwa na ndege kwa sababu ya neno moja hafarijiki akiambiwa kwamba sarufi ya tangazo ilikuwa sahihi.

Umbali, masafa na mwendo

Tuanze na neno la kwanza. Umbali ni hali ya kuwa mbali, na kwa hiyo ni kipimo cha nafasi iliyopo baina ya mahali pawili. Nafasi hiyo haiendi wala hairuki. Kusema "umbali wa kuruka" ni kuubandika umbali kwenye kitendo, ilhali msemaji alikusudia kutofautisha njia moja na nyingine. Tofauti hiyo ni ya kweli na yafaa itajwe. Baina ya Dar es Salaam na Mwanza mna umbali zaidi ya mmoja: kwa ndege ni kilometa 850 hivi, kwa barabara ipitayo Dodoma, Singida na Shinyanga ni zaidi ya kilometa 1,100, na kwa reli ipitayo Tabora ni zaidi ya kilometa 1,200. Kiswahili kina kiunganishi chepesi cha kuonyesha jambo hilo, nacho ni "kwa": umbali kwa ndege, umbali kwa barabara, umbali kwa reli. Mtoto wa darasa la tatu huelewa.

Wako watafsiri ambao, wakitaka kuutaja umbali wa njia iliyonyooka, wameleta kunguru katika Kiswahili, eti umbali "kama arukavyo kunguru". Kunguru wa kwetu hasifiki kwa kunyoosha njia. Anasifika kwa woga, na kwa kuiepusha mbawa yake na madhara. Msomaji atauliza kunguru amefuata nini katika habari za safari. Ikiwa twahitaji istilahi ya kitaalamu, yaani njia fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia, basi "njia ya duara kuu" yatosha, kwa kuwa ndivyo ilivyo hasa: ni kipande cha duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia. Kwa msomaji wa kawaida, "umbali kwa njia iliyonyooka" hauna ubaya wowote.

Neno masafa nalo lina haki ya kuzingatiwa. Kwa asili yake ni umbali, hasa umbali wa kusafiriwa, na hata leo twasikia habari za wakimbiaji wa masafa marefu. Tatizo ni kwamba redio imelichukua neno hilo na kulitia kazi nyingine: twasema masafa mafupi na masafa ya kati, na siku hizi kituo cha redio hutangaza "masafa" yake tukimaanisha idadi ya mitetemo ya mawimbi kwa sekunde. Katika fani nyingi migongano ya namna hii si kitu, maana mazungumzo huonyesha maana. Katika usafiri wa anga mambo ni tofauti, kwa sababu rubani anahitaji masafa ya aina zote mbili katika dakika ile ile: anaambiwa yuko mbali kiasi gani na kiwanja, na anaambiwa azungumze kwa mawimbi yapi. Kwa hiyo twashauri kwamba katika maandishi ya usafiri wa anga neno umbali libaki kwa nafasi baina ya mahali na mahali, na neno masafa liachiwe redio.

Mwendo ndilo neno lenye historia ndefu kuliko yote. Wazee wetu walipoulizwa mji fulani uko mbali kiasi gani, hawakujibu kwa maili. Walijibu "mwendo wa siku tatu". Jibu hilo lilikuwa na umbali na muda ndani yake kwa pamoja, na halikuwa jibu la ujinga. Mtu aendaye kwa miguu na mzigo kichwani anataka kujua atalala njiani mara ngapi na atabeba chakula kiasi gani. Baharini ilikuwa vivyo hivyo. Manahodha wa Kiarabu wa Bahari ya Hindi, akiwamo Ahmad ibn Majid wa karne ya 15, walikuwa na kipimo kiitwacho zam, ambacho ni ndugu wa zamu yetu: kilikuwa ni saa tatu za safari chomboni, na papo hapo kikawa kipimo cha umbali. Mabaharia na wapagazi waliweza kufanya hivyo kwa sababu mwendo wao ulikuwa wa namna moja. Leo vyombo ni vingi na kasi zao hazifanani, na ndiyo maana umbali na muda vimelazimika kutengana. Mwendo uachwe na maana yake pana ya kwenda, na panapotakiwa kutaja umbali unaopitwa katika muda fulani tuseme kasi, au mwendokasi kama vitabu vya sayansi vilivyozoea.

Kuruka, kupaa, kuondoka

Neno linalotia giza zaidi katika sentensi yetu ni "kuruka". Kitenzi hiki kina kazi nyingi mno. Chura huruka, mtoto huruka kamba, mwanafunzi huruka darasa, na ndege huruka. Hata tukibaki kwenye ndege pekee, bado maana ni mbili. Mtu akisema "ndege imeruka saa nne", anakusudia kwamba imeacha ardhi. Akisema "ndege iliruka juu ya Ziwa Victoria", anakusudia kwamba ilikuwa angani ikienda. Kwa hiyo "muda wa kuruka" waweza kuwa ni saa ya kuacha ardhi, na waweza kuwa ni kitambo cha kukaa angani. Hapa ndipo msomaji wetu wa sentensi ya kwanza anapoanza kupotea.

Lakini maana ya tatu ndiyo yenye uzito wa kisheria. Katika kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lililotokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, muda unaohesabiwa kuwa wa safari ya ndege huanza pale ndege inaposogea kwa mara ya kwanza kwa nia ya kwenda kupaa, na huisha pale inaposimama kabisa mwisho wa safari. Maana yake ni kwamba dakika zote ambazo ndege inatambaa ardhini, ikingoja zamu yake kwenye njia ya kurukia au ikitafuta maegesho baada ya kutua, zimo ndani ya muda huo. Mtafsiri anayeziandika kanuni hizo kwa Kiswahili na kuuita muda huo "muda wa kuruka" amebadilisha sheria pasipo kujua, kwa kuwa msomaji wa Kiswahili atahesabu tangu magurudumu yaache ardhi mpaka yaiguse tena. Na hesabu hiyo si ya mzaha: saa za kazi za marubani, ambazo zimewekewa mipaka ili wasichoke wakahatarisha roho za abiria, huhesabiwa kwa kipimo hicho cha kwanza.

Tofauti hii huonekana wazi zaidi katika safari fupi. Kutoka kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam hadi cha Unguja ni kilometa 73 hivi. Safari ya namna hiyo ina dakika chache sana za angani, na dakika za ardhini huwa ni sehemu kubwa ya jumla. Atakayegawanya kilometa 73 kwa muda ulioandikwa katika ratiba, akidhani amepata kasi ya ndege angani, atapata jibu litakalomfanya ashangae kwa nini ndege ni nzito kiasi hicho.

Kiswahili hakikosi maneno ya kupanga mambo haya. Ndege huondoka, yaani huacha mahali iliposimama. Kisha hupaa, yaani huacha ardhi. Kisha huruka, yaani husafiri angani. Kisha hutua, yaani huigusa ardhi. Mwisho huwasili, yaani husimama mahali abiria wanaposhuka. Vitenzi vitano, kila kimoja na kazi yake. Tukivishika hivyo, twapata "muda wa safari" kwa kitambo cha kuondoka mpaka kuwasili, na "muda wa angani" kwa kitambo cha kupaa mpaka kutua. Ratiba humwonyesha abiria muda wa kwanza. Muda wa pili ni wa mafundi na marubani. "Muda wa kuruka" hauhitajiki tena.

Hapa huenda mtu akasema kwamba kitenzi kimoja kikiwa na maana nyingi hapana budi tukope neno geni. Hatukubaliani naye. Neno "ndege" lenyewe ni ushahidi. Chombo hiki kilipofika kwetu, watu walikiita eropleni, na wengine wakakiita ndege ulaya. Baadaye jina la kiumbe likatosha, na hapana aliyechanganyikiwa, kwa sababu upatanisho wa sarufi ulifanya kazi ya kutofautisha. "Ndege ameruka" ni kiumbe mwenye manyoya. "Ndege imeruka" ni chombo chenye abiria. Tulipata istilahi mpya bila kukopa hata silabi moja. Lugha yenye uwezo huo haishindwi kutenga kupaa na kuondoka.

Muda na wakati

Sasa tulitazame neno "muda". Muda ni kitambo: una mwanzo na una mwisho, na baina yake mna kadiri inayopimika. Wakati, katika matumizi haya, ni nukta katika mfululizo wa saa na siku. Swali "lini?" hujibiwa kwa wakati, swali "kwa kitambo gani?" hujibiwa kwa muda. Siku hizi mpaka huu umebomoka. Mialiko huandikwa "muda: saa tatu asubuhi", na mikutano hutangazwa kwa "muda wa kuanza". Katika mwaliko wa harusi hasara ni ndogo. Katika habari za safari, ambamo nukta na kitambo vyote viwili hutajwa kwa saa na dakika, hasara ni kubwa, kwa sababu maneno haya mawili ndiyo pekee yawezayo kumwambia msomaji ni kipi kinatajwa.

Itazame tena sentensi yetu: "muda wa kuruka ni saa 1:30". Msomaji aliyezoea kuona "muda" mahali pa "wakati", na aliyezoea kusikia kwamba ndege "imeruka" ikiwa imepaa, ana kila haki ya kuelewa kwamba ndege hupaa saa moja na nusu asubuhi. Maneno yote matatu yamemwelekeza huko. Kama ndege inaondoka saa nne asubuhi, atakuwa kiwanjani mapema mno, na atarudi nyumbani amechoka lakini hakupoteza nauli. Kama inaondoka mapema kuliko hapo, atakuta imekwenda.

Saa ya safari na saa ya ukutani

Hapa twafika kwenye kiini cha jambo. Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu kuchwa na tangu kucha, si tangu usiku wa manane. Tarakimu 07:30 ya tiketi ni saa moja na nusu asubuhi kwetu. 13:30 ni saa saba na nusu mchana. 19:30 ni saa moja na nusu usiku. Hesabu hii ni ya asili katika nchi zilizo karibu na Ikweta, ambako jua huchomoza na kuzama karibu kwa nyakati zile zile mwaka mzima, na hapana sababu ya kuionea haya. Lakini mashirika ya ndege ya dunia nzima hutumia hesabu ya saa 24, na abiria wetu anashika tiketi yenye hesabu moja huku akisikia tangazo lenye nyingine.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuzichanganya katika andiko moja. Twaona "saa 13:30", jambo ambalo katika Kiswahili halisomeki, kwa kuwa hakuna saa ya kumi na tatu katika hesabu yetu. Baya zaidi ni "saa 7:30" isiyo na neno la kuifafanua, ambayo msomaji mmoja ataielewa kuwa asubuhi kwa hesabu ya tiketi, na mwingine kuwa mchana kwa hesabu ya Kiswahili. Tofauti ni saa sita kamili. Hapana ndege itakayomngoja mtu kwa saa sita.

Twapendekeza kanuni nyepesi. Neno "saa" likitangulia tarakimu za wakati, hesabu iwe ni ya Kiswahili, na sharti lifuatwe na sehemu ya siku: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Hesabu ya saa 24 ikitumika, iandikwe kwa tarakimu nne peke yake, bila neno "saa". Hivyo ratiba yaweza kuonyesha 19:30 na pembeni yake saa 1:30 usiku, na kila msomaji akachagua hesabu yake bila kumwonea mwenzake.

Usiku una mtego wake. Ndege nyingi za kwenda nchi za mbali huondoka baada ya usiku wa manane. Tiketi ikisema Alhamisi 00:30, siku ya Alhamisi kwa hesabu ya tiketi imekwisha kuanza. Mswahili, ambaye kwake usiku huo ni mwendelezo wa jioni ya Jumatano, akiambiwa "Alhamisi saa sita na nusu usiku" atakwenda kiwanjani Alhamisi baada ya kula chakula cha jioni, na atakuta ndege iliondoka jana yake. Dawa ya tatizo hili imo katika lugha siku zote: "usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi". Usemi huu, ambao watangazaji wetu hawausahau wanapotangaza mwandamo wa mwezi au msiba, umesahauliwa na waandishi wa ratiba.

Lipo pia suala la kitambo. "Saa mbili" yaweza kuwa nukta na yaweza kuwa kadiri. Katika mazungumzo watu wameunda "masaa" ili kutaja kadiri, na walimu wameikemea kwa miaka mingi. Kukemea bila kuuliza sababu si haki. Wasemaji hawakuunda umbo hilo kwa uvivu. Waliona haja ya kutenga saa inayohesabiwa na saa inayosomwa ukutani. Hata hivyo, hatuoni kwamba Kiswahili sanifu kinalazimika kulipokea, maana kazi hiyo yaweza kufanywa na maneno yanayoizunguka saa: "muda wa saa mbili", "kwa saa mbili", "saa mbili nzima". Anayeliacha neno "saa" pweke ndiye anayeilazimisha "masaa" kuzaliwa.

Kuhusu tarakimu, twasisitiza kwamba nukta mbili, yaani alama iliyo katika 1:30, iwe ni ya saa ya ukutani pekee. Kitambo kiandikwe kwa maneno ya kipimo: saa 1 na dakika 30, au dakika 90. Walimu wa hesabu wataona faida yake upesi. Mwanafunzi akipewa kilometa 850 na muda ulioandikwa 1.30, atagawanya na kupata kilometa 654 kwa saa; lakini saa moja na nusu ni 1.5, na jibu sahihi ni kilometa 567 kwa saa. Uwezo wa mtoto wa kugawanya haukuwa na kasoro. Nukta ndiyo iliyomdanganya. Na hata jibu hilo sahihi ni wastani wa safari nzima, pamoja na kutambaa ardhini, kupaa na kuteremka. Ndege ya jeti ikiwa katika kimo chake cha kawaida huenda kwa kasi zaidi ya hapo. Mwalimu atakayelieleza hilo atakuwa amefundisha fizikia na Kiswahili kwa kipindi kimoja.

Saa za huku na saa za huko

Kanuni zilizotajwa zinatosha kwa Mwanza, ambako saa ni moja na ya Dar es Salaam. Hazitoshi kwa Kigali. Tanzania, Kenya na Uganda zimetangulia saa ya Greenwich kwa saa tatu. Rwanda na Burundi zimeitangulia kwa saa mbili. Tuseme ndege inaondoka Dar es Salaam 10:00 na kuwasili Kigali 10:50. Msomaji atatoa na kupata dakika 50, na atadhani kwamba Kigali ni karibu kuliko Mwanza. Kwa kweli viwanja hivyo viwili vimeachana kwa kilometa 1,140 hivi, na safari imechukua saa 1 na dakika 50. Akirudi, akiondoka Kigali 12:00 na kuwasili Dar es Salaam 14:50, atadhani kwamba safari ya kurudi ni ndefu zaidi ya mara tatu.

Ratiba zote hutaja saa za mahali husika, na desturi hiyo ni njema. Linalokosekana ni maneno. Andiko la Kiswahili liseme "saa za Dar es Salaam" na "saa za Kigali", na muda wa safari utajwe peke yake, usiachwe kwa msomaji aukokotoe. Pia muda wa kwenda na wa kurudi usidhaniwe kuwa sawa kwa vile umbali ni mmoja. Kenya Airways ilipoanzisha safari ya Nairobi hadi New York mwaka 2018, njia ya kilometa 11,800 hivi, ilitangaza saa 15 za kwenda na saa 14 za kurudi. Umbali haukubadilika, upepo mkali wa anga za juu, ambao huvuma kutoka magharibi, huchelewesha safari moja na kusukuma nyingine. Wahenga wetu wa kusi na kaskazi wasingehitaji kuelezwa jambo hili.

Safari hiyo inaleta istilahi nyingine inayosumbua. Ilisifiwa kuwa ni ya "moja kwa moja". Katika biashara ya usafiri wa anga kuna safari ya namba moja ambayo hutua njiani, ikashusha na kupakia, na abiria akaendelea bila kubadili ndege. Na kuna safari isiyotua popote. Kiswahili cha matangazo huziita zote mbili "moja kwa moja". Ile isiyotua yafaa iitwe "safari bila kituo", na ile nyingine "safari bila kubadili ndege". Mgonjwa anayesafirishwa, au mama mwenye mtoto mchanga, ana haja kubwa ya kuijua tofauti hiyo kabla ya kulipa nauli.

Maili na noti

Neno la mwisho la kuchunguzwa ni kipimo. Kilometa katika sentensi yetu haina dosari. Lakini mtafsiri wa vitabu vya usafiri wa anga atakutana na maili, na hapo hana budi kuuliza ni maili ipi. Maili ya nchi kavu ni meta 1,609 hivi. Maili ya bahari ni meta 1,852 kamili, kama ilivyokubaliwa na mkutano wa kimataifa huko Monaco mwaka 1929, na marubani huitumia pamoja na mabaharia kwa kuwa maili 60 za namna hiyo ni sawa na nyuzi moja ya latitudo. Umbali wa Dar es Salaam hadi Nairobi ni kilometa 667 hivi, yaani maili za bahari 360. Mtafsiri akiandika "maili 360" tu, na msomaji akazigeuza kwa kipimo cha nchi kavu, atapata kilometa 579. Karibu kilometa 90 zimemezwa na kivumishi kilichoachwa.

Kasi inayopimwa kwa maili hizo baadhi ya watu huiita "noti", na wengine "fundo". La kwanza linagongana na fedha, la pili linagongana na kamba. Mpaka litakapopatikana neno bora, "maili ya bahari kwa saa" ni refu lakini halimdanganyi mtu.

Hoja ya muktadha

Tunajua kwamba wako watakaosema kuwa tunapekua mno, na kwamba msomaji huelewa kwa kuangalia muktadha. Hoja hiyo ni ya kweli katika mazungumzo, ambamo asiyeelewa huuliza. Tiketi haiulizwi. Kanuni iliyochapishwa katika gazeti la serikali haiulizwi. Swali la mtihani haliulizwi. Katika maandishi ya namna hiyo muktadha ni maneno yenyewe, na mwandishi asipoyatenga maneno msomaji hana msaada mwingine. Asiyejua maana haambiwi maana, walisema wahenga. Lakini anayeijua maana na akaiandika vibaya, huyo lawama ni yake.

Kadhalika, kila mara habari ya Kiswahili inapompotosha msafiri, yeye hujifunza kuitegemea safu ya Kiingereza iliyo pembeni. Baada ya mara kadhaa hatoisoma tena safu ya Kiswahili. Watu watasema kwamba lugha imeshindwa na mambo ya kisasa, na waliolishindwa jambo ni waandishi.

Basi tuiandike upya sentensi tuliyoanza nayo: "Umbali kwa ndege kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni kilometa 850 hivi, muda wa safari, tangu kuondoka mpaka kuwasili, ni saa 1 na dakika 30." Imerefuka kidogo. Haina neno geni, haina istilahi iliyobuniwa jana, na haiwezi kusomwa kwa namna mbili. Watafsiri, walimu na maofisa walio na mifano mingine ya ratiba, kanuni au maswali ya shule yenye utata wa namna hii wanaombwa kuileta, pamoja na sentensi nzima ilimotumika, kwa maana neno likitolewa katika sentensi yake ni vigumu kulihukumu kwa haki.